Wimbo katika Chumba cha Mtoto

Habari hii aliisimulia kwanza mjomba wetu, fundi wa mitandao, mwaka ule tulipohamia nyumba hii. Mchana mmoja dada yake, mama mdogo, alimwita roho mkononi: kamera ya chumba cha mtoto ilikuwa ikiimba wimbo wa kubembeleza, kwa sauti ya mwanamke.

"Kuna mtu ameingia kwenye intaneti yako," mjomba alimwambia. "Simu, runinga, kamera, vyote umevichanganya kama nguo kwenye beseni moja. Ngoja nivitenganishe."

"Mtenganishe huyo na mwanangu kwanza, kaka. Utani baadaye!"

Aliipa kamera mtandao wake peke yake, akabadili nywila, akaifungia kila njia ya nje. Mapazia yalikuwa yamefungwa, chumba giza, mtoto amelala. Kimya. Mjomba akaanza kukusanya vifaa vyake.

Ndipo wimbo ukaanza tena, polepole.

Akachomoa waya wa kamera ukutani. Haikuwa na betri. Taa yake nyekundu ikazimika palepale. Wimbo haukukatika. Sasa haukutoka juu rafuni kwenye kamera, bali chini, kando ya kitanda, na mbao za kitanda zikalia kama zimeegemewa na mtu. Mama mdogo akamnyakua mtoto, wakatoka mbio bila viatu.

Mjomba yu hai, na mama mdogo yu hai. Mtoto naye yu hai, siku hizi anatembea. Akipita kwenye chumba chenye giza husimama mlangoni, hucheka, kisha huinua mikono kuelekea gizani apakatwe.