Sillet ya Mfupa wa Mbuzi

Wewe uliyesoma hadi ukachoka, ungekataa gitaa la umeme la bei ya bure? Gentil, rafiki yangu wa Mbugangari, hakukataa. Mwaka wa tisini na tisa alikuwa na licence, shahada ya uchumi, na tumbo tupu, kama sisi wote, na hoteli moja ya kando ya ziwa ilitaka mpiga gitaa kesho yake. Gitaa alilonunua Petite Barrière, kwenye soko la mpakani, lilikuwa limevunjika sillet, kile kijipande cha juu ya shingo kinachoshikilia nyuzi. Basi akaokota mfupa wa mbuzi kwa wachoma brochette, wale wa mishikaki, akauchemsha, akausugua kwa msasa.

"Université yote ile, donc, ni ya kusugua mifupa?" dada yake Béata alimcheka.

"Nikikosa hii kazi, nitabeba magunia ya watu ku barrière. We cheka tu."

Akang'oa sillet ya zamani, akachonga mifereji sita kwenye mpya, akaibandika kwa gundi, akafunga nyuzi. Giza lilipoingia, umeme ukakatika. Akalaza gitaa kitandani, akaenda kumwomba Béata mshumaa.

Nyuzi zikalia kule chumbani, chini chini, safi.

"Gentil, ni we unapiga?"

"Mi niko hapa," alimjibu, ubavuni pake.

Wakaingia na mshumaa. Chumba kilikuwa kitupu. Nyuzi tatu zilikuwa zimebonyea hadi kwenye mti wa shingo, kama zimebanwa na mtu, zimetulia hivyo hivyo, hazirudi juu.

Asubuhi Gentil alikwenda kubeba magunia.

Ninyi mliomuuzia, semeni: gitaa lilikuwa la nani, na vidole vyake mliviacha wapi?