Suruali ya Mteja

Fundi cherehani alikuwa na desturi moja. Alipomaliza suti ya mteja mwenye umbo la mdogo wake, alimvisha mdogo wake kwanza ili aone kasoro. Ndiyo maana majirani walimwita mdogo huyo Sanamu.

Asubuhi hiyo Sanamu alisimama mbele ya kioo, amevaa suti ya kijivu.

"Nyoosha mgongo. Unaharibu mabega ya watu."

"Kaka, hata mwenyewe haitampendeza hivi."

Nyigu akaingia dirishani, akamdunga shingoni.

Sanamu alikuwa na pumu, na pia mzio wa sumu ya nyigu. Hospitali ilikuwa imempa sindano mbili za adrenalini, zilizojazwa dawa tayari. Fundi akazitoa kwenye begi. Punde vipele vikamtoka Sanamu, midomo ikavimba, sauti ikakwaruza.

"Kifua kinabana. Nipe pampu ya pumu."

Fundi alisita. "Tungoje kidogo. Sindano ni ya mtu aliyezimia. Na uvue suruali kwanza, nisije nikaitoboa."

Wakati huo mwenye suti aliingia kuichukua. Alikuwa muuguzi. Aliitazama midomo ya Sanamu tu.

"Mchome sasa."

"Bosi, suruali yako..."

"Itoboe. Mkalishe, anyooshe miguu. Ondoa kifuniko. Bonyeza kwenye paja, upande wa nje, juu ya nguo. Shikilia, hesabu hadi kumi."

Fundi akabonyeza, akahesabu hadi kumi. Muuguzi akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Amedungwa, amevimba, anapumua kwa shida. Hapo hungoji azimie," alisema. "Sindano kwanza, pampu baadaye. Ile ya pili iwe karibu. Dakika tano zikipita bila nafuu, tunamchoma tena."

Haikuhitajika. Dakika ya nne, kifua kililegea.

"Nimepona," Sanamu alisema, akitaka kuinuka.

"Kaa. Usisimame wala kutembea. Hali hii huweza kurudi, kwa hiyo hospitali utakwenda."

Wodini, Fundi alipewa sindano ya mazoezi isiyo na ncha. Alijichoma pajani mara tatu, muuguzi yule mwenye suti akimsahihisha.

"Natoboa nguo tangu ujana wangu," Fundi alisema. "Leo kuogopa tundu moja kulitaka kuniulia ndugu."

"Sasa unajua."

Alasiri Sanamu alilala, akaanza kukoroma kwa kelele, kama kawaida yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alinung'unika.

"Mwamshe huyo, bwana."

"Samahani, mzee," Fundi alijibu, akivuta kiti karibu. "Leo simwamshi."