Karatasi za Mzee Senti

Kufuli la kabati la chuma katika ofisi ya mitihani ya chuo lilikuwa limevunjwa, na rafu ya katikati haikuwa na kitu. Karatasi za majibu za mtihani wa uhasibu wa menejimenti, darasa zima la mwaka wa pili, zilikuwa zimeyeyuka. Rafu za juu na chini hazikuguswa.

"Mwizi wa karatasi zilizokwisha sahihishwa!" Sajenti alisema huku akitafuta alama za vidole mlangoni. "Angeiba mtihani kabla haujafanywa ningemwelewa dada yangu huyu, au kaka."

Inspekta hakucheka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, alikuwa na wageni nyumbani, na, tuseme ukweli, alitaka kesi nyepesi.

Akaipata. Mhadhiri wa somo lenyewe alikuja kumpa ushahidi. Wanafunzi walimwita Mzee Senti, maana ukikosea senti moja anakukata alama. Alifundisha bila kitabu, hesabu zote kichwani, na chuo kizima kilimwogopa na kumpenda kwa sababu hiyo hiyo.

"Jana jioni nilimwona binti akitoka humu," Mzee Senti alisema. "Mkoba umetuna. Yule anayerudia somo langu kwa mara ya tatu. Amekata rufaa, na Jumatatu karatasi yake ingefunguliwa. Anajua ni mbovu."

"Una hakika ni yeye? Korido hii ina kiza."

"Inspekta, macho hayana pazia. Nilimwona."

Basi. Mtu mzima amesema, nani wewe umbishie? Kabla ya adhuhuri binti alikuwa kituoni, viatu amevuliwa, amekalishwa mbele ya meza.

"Jana jioni ulikuwa pale?"

"Nilikuwepo. Nilipeleka fomu ya rufaa."

"Nani alikuona?"

"Mzee Senti. Tulikutana mlangoni, nikamwamkia. Akaniuliza, 'Nani huyo?' mpaka nikajitaja. Amenifundisha miaka yote hii, afande, halafu ananiuliza mimi ni nani!"

"Amekukasirikia, hataki kukujua. Karatasi ziko wapi?"

"Mimi ndiye niliyeomba zifunguliwe! Nizifiche za nini?"

"Kwa sababu umefeli."

"Sikufeli. Hakuisoma kazi yangu."

"Wote husema hivyo," Inspekta alijibu, akafunga jalada. Binti akarudishwa mahabusu.

Jumatatu asubuhi Inspekta alimkuta mama wa binti kwenye benchi la kaunta, chupa ya chai mapajani. Mkuu wa zamu alisema mama huyo hajabanduka tangu Jumamosi. Analala pale pale, ameketi.

"Baba," mama alimwambia, "bodi ya chuo inakaa leo saa nane. Wakiambiwa mwanangu ni mwizi, wanamfukuza. Nimemsomesha kwa kufua nguo za watu mpaka vidole vimechubuka. Nikuulize tu, umemuuliza yeye vizuri?"

"Nitaangalia, mama."

Alipofika kwenye ngazi neno lile lilimkera. Kuangalia nini, wakati hajaangalia kitu chochote? Alimsikiliza mtu mmoja, akaenda kula na wageni wake. Haraka haraka haina baraka, naye alilijua hilo tangu chuo cha polisi. Akapanda gari, akaelekea chuoni.

Ofisa wa mitihani alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, na kompyuta ilimtii kuliko watu.

"Nataka kujua nani anafaidika karatasi zikipotea," Inspekta alisema. "Nionyeshe matokeo."

Ofisa aliweka alama za mtihani upande mmoja, za jaribio la katikati ya muhula upande wa pili, akazipanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu akasogeza uso karibu na kioo. Hata kikohozi kikakoma.

"Vipi?"

"Mh! Wamepangana vile vile. Wa kwanza kabaki wa kwanza, wa mwisho kabaki wa mwisho. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka."

"Si kila mtu na akili yake?"

"Wapi, afande! Kwenye mtihani yupo anayeumwa, yupo aliyekesha, yupo aliyebahatisha. Darasa zima haliendi kwa mstari kama gwaride. Hizi alama hazikutoka kwenye mtihani. Mtu amechukua za jaribio, akaongeza mbili hapa, akapunguza tatu pale." Kidole chake kilisimama kwenye kioo. "Loo! Na Kibonge naye kapata sitini na nane!"

"Kibonge hana akili?"

"Anazo tele. Ila siku ya mtihani alikuwa hospitalini anapasuliwa kidole tumbo. Ruhusa yake niliisaini mimi. Hakuna karatasi ya Kibonge. Haijawahi kuwepo."

Inspekta aliushika ukingo wa meza. *Hakuisoma kazi yangu.* Binti alimwambia hivyo waziwazi. Na lile jingine: *Nani huyo?* Mwalimu anamuuliza mwanafunzi wake, wamesimama uso kwa uso. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

"Nipigie simu kituoni," alisema. "Na Mzee Senti aje. Mwambieni ni utambuzi wa mtuhumiwa, basi."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha pana na jua lilijaa ndani. Mzee Senti alikaa kitini, mikono juu ya fimbo. Sajenti aliingia na binti, akamsimamisha mbele yake. Binti alikuwa bado pekupeku. Inspekta alijiwekea kidole mdomoni, kumwashiria asiseme.

"Mwalimu, yule binti uliyemwona akitoka na mkoba, yumo humu ndani?"

Mzee aligeuza uso huku, akageuza kule. "Si tupo mimi na wewe na askari wako?"

"Angalia vizuri."

"Hayumo. Mleteni."

Angenyosha mkono angemgusa bega. Sajenti aligeukia ukutani. Binti alimtazama mwalimu wake kwa muda, hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo, ikabaki huruma na machozi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Fimbo ilianguka sakafuni. Mzee Senti hakuiinamia. Alifunika uso kwa viganja.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Haki ya Mungu, nisamehe."

"Tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Jicho la kushoto lilitangulia. Mwaka huu la kulia limefuata. Naona vivuli."

"Mtihani uliusahihishaje?"

"Mke wangu alinisomea alama za jaribio. Nilimdanganya kuwa nafanya ulinganisho. Nikapanga mpya kichwani. Nilijiambia nawafahamu wanafunzi wangu, sitamdhulumu mtu sana."

"Na Kibonge?"

"Sikujua hayupo. Ningejuaje?"

"Kwa nini uliiba?"

"Bodi ingefungua karatasi, isikute hata alama moja ya kalamu nyekundu. Kabati lile nalijua kwa kupapasa."

"Kwa nini hukusema huoni?"

Mzee alicheka, kicheko kibaya. "Nimwambie nani? Mwalimu wa hesabu asiyeona ubao! Wangeniaga kwa hotuba nzuri, wakanifungulia geti. Nje ya darasa mimi sina ninachokijua. Niliogopa, Inspekta. Niliogopa kama mtoto."

"Na huyu binti?"

"Uliponiuliza nilimwona nani, nilihitaji jina. Nilikuwa nimesikia sauti yake pale mlangoni. Aliniamkia kwa adabu, na mimi nikamuuza."

Karatasi hazikuchomwa. Alishindwa, alisema, kila aliposhika kibiriti alikirudisha mfukoni. Sajenti alizikuta nyumbani kwake, chini ya godoro la chumba cha wageni, akarudi nazo kituoni saa sita na nusu.

"Nina ombi moja," Mzee Senti alisema. "Nisomee ya huyu."

Inspekta aliitafuta, akaanza kusoma. Alijikwaa kwenye maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiwanda cha sabuni, gharama za kudumu, gharama zinazobadilika, kiwango cha uzalishaji ambacho hakina faida wala hasara. Mzee alifumba macho.

"Rudia hapo. Amegawanya kwa kitu gani?"

"Kwa mchango wa kila mche wa sabuni, bei ukitoa gharama zinazobadilika."

"Sawa. Endelea."

Jasho lilimtoka Inspekta, lakini aliendelea mpaka ukurasa wa mwisho, bajeti na yote.

"Sabini na tatu," Mzee Senti alisema.

"Ulimpa ngapi?"

"Thelathini na moja. Swali la nne amelijibu vizuri kuliko nilivyolifundisha."

Binti alikaa chini, palepale sakafuni, akalia kwa sauti.

Inspekta mwenyewe alimletea binti viatu vyake, akaviweka mbele yake. "Uko huru. Nimekukosea sana."

"Nilikwambia tangu Jumamosi, afande," alisema akivaa. "Kila kitu nilikwambia."

"Ulinambia."

"Utakwenda kuwaambia bodi? Wewe, kwa mdomo wako?"

"Nitakwenda."

"Basi kaanze na mama," binti alisema. "Yuko hapo nje."

Mlango ulikuwa hatua chache tu. Inspekta alivua kofia, akashika kitasa, na hakujua aanze na neno gani.