Koti la Marehemu Bartley

Sabina aliliona koti limekunja kiwiko asubuhi ya Jumatatu, wakati anakoroga uji wa shayiri.

Lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale alipolitundika jana yake mwenyewe. Koti refu, jeusi, zito, lenye kipande cha ziada mabegani cha kukinga mvua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala tu. Wa kulia ulikuwa umejikunja, kana kwamba ndani yake yumo mtu kashika fimbo. Sabina akaweka mwiko chini, akaunyoosha. Ukanyooka. Akarudi kwenye sufuria, na alipogeuka tena ulikuwa umejikunja vilevile, na chumba kinanuka gesi ya taa za barabarani. Chumba chenyewe hakikuwa na gesi. Wao waliwasha mishumaa, siku wakiwa nayo.

Koti lilikuwa la shemeji yake, Bartley Gaughan, mwasha taa wa mtaa wetu wa machinjioni, hapa New York. Jitu la mtu, mabega kama mlango. Vijana wa ghalani, genge la wezi wa mtaa, walimtaka azime taa moja tu wavunje duka gizani. Akawaambia taa haizimwi na mwizi. Basi wakamkanyaga mpaka mbavu zikaingia kwenye mapafu, akafia chini ya taa yake ikiwa inawaka.

Sasa, sisi watu wa Connacht, kule Ireland, tulivuka bahari na mizigo michache, lakini desturi hatukuiacha bandarini. Nguo ya marehemu hupewa ndugu yake, naye huivaa kwenda Misa Jumapili tatu mfululizo, asikose hata moja. Asipotimiza, marehemu anabaki uchi huko aliko, na aliye uchi hatulii. Koti akapewa mdogo mtu, Festus, mume wa Sabina. Lilimfika visiginoni, maskini. Festus alikuwa mtu mdogo, mpole, wa kuosha matumbo ya ng'ombe machinjioni, ambaye wenzake walimmwagia damu kichwani kwa kujifurahisha naye akacheka nao.

Jumapili ya kwanza akaenda, ya pili akaenda. Ya tatu akatoka nyumbani na koti lake vizuri, Sabina akiwa ametangulia na majirani, na kanisani hakuonekana. Alirudi mchana, ngozi ya vidole imechubuka hadi mfupa mweupe.

"Ulikuwa wapi?" Sabina alimuuliza kwa sauti ya chini, maana kuta zetu zilikuwa za mbao.

"Nilimwona mmoja wao njiani. Nikamfuata."

"Ukamfanya nini, Festus?"

"Sijui, mke wangu. Nilikuwa najitazama tu, kama mtu aliyekaa dirishani."

Jibu lililobaki alilileta asubuhi ile ya Jumatatu Mama Halloran, jirani wa ghorofa ya chini, aliyeingia bila kubisha, shali begani. "Umesikia? Yule mmoja wa ghalani kaokotwa. Kaangikwa kwenye mlingoti wa taa kwa ukosi wake mwenyewe. Taya imeng'olewa upande mmoja, inaning'inia. Mungu anisamehe, nimefurahi hadi nimeona aibu."

Sabina aligeukia mlango. Alikuwa anautazama ule mkono wa koti.

Kuanzia hapo, kila jioni ukungu ulipopanda kutoka mtoni, Festus aliacha kijiko mezani hata kama chakula hakijaisha, akasimama, akalivaa koti, akajifunga skafu nyeusi usoni, akatoka. Na lile koti lililokuwa likimburura sasa lilimtosha. Ngazi zilizozoea kumbeba bila kulia zilikuwa zinalia chini yake. Siku moja Sabina akamfuata. Aliona heri angebaki.

Alimkuta kwenye uchochoro wa nyuma ya machinjio, penye mfereji wa damu, na mbele yake amesimama kijana wa pili wa ghalani na kisu, anacheka, anamuuliza huyu kibwengo katoka sarakasi gani, na akamchoma kisu tumboni mara moja na mara ya pili, na kisu kikaingia kwenye koti na kutoka bila damu, kikiwa na moshi mwembamba tu wa gesi, na kicheko kikamkauka, na ule mkono mweusi ukamshika uso mzima kama unavyoshika kabichi, ukamgongesha ukutani, ukamgongesha tena, taratibu, bila hasira, hadi ukuta ukalowa na miguu ya kijana ikaacha kupiga teke, na bado ukaendelea kumgongesha, na Sabina, aliyekuwa ameuma shali lake ili asipige kelele, akasikia kutoka ndani ya skafu sauti ya Bartley, nzito, ya kifuani, ikisema neno moja tu kila pigo: "Waka. Waka. Waka."

Kesho yake huyo naye alikuwa ameangikwa kwenye taa.

Na mtaa ukampenda. Msishangae, nyinyi hamkuishi pale. Polisi walikuwa wanakula na vijana wa ghalani sahani moja. Kwa mara ya kwanza binti aliweza kutoka kiwandani magharibi akafika kwao. Watoto wakamtungia wimbo, wakamwita Bwana Taa. Akina mama wakawa wanamwekea mkate na maziwa dirishani. Hakuna aliyejua ni nani, na Sabina, aliyejua, alikuwa akimkanda mumewe kila asubuhi kwa maji ya moto, naye mume amekonda, macho yamezama, hakumbuki kitu, anauliza kwa nini mdomo wake una ladha ya gesi.

Alijaribu kulichoma lile koti. Alisukuma ukosi wake ndani ya jiko, na kitandani Festus akalia kwa uchungu akiwa usingizini. Alipomfunua, shingo yote ilikuwa imetoka malengelenge. Akalivuta, akalirudisha msumarini.

Vijana wa ghalani walipokwisha, Bwana Taa hakwisha. Akaangikwa mwanamume aliyempiga mkewe. Watu wakasema safi. Akaangikwa mlevi aliyetukana padri. Watu wakasema, naye alizidi. Akavunjwa viganja vyote viwili mama mmoja mjane aliyeokota makaa ya reli, na hapo baadhi yetu tukanyamaza, lakini Mama Halloran akasema wizi ni wizi.

Jumamosi moja Thady, mdogo wake Sabina, akaja mchana, kofia mkononi, mweupe kama unga. Alikuwa kijana wa maneno mengi, wa kucheza karata. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Dada, nifiche. Bwana Taa ananifuata. Jana alisimama upande wa pili wa barabara, hakuja, alinitazama tu."

"Akufuate wewe, una nini?"

Thady akakaa chini sakafuni. "Siku ile ya Bartley, mimi ndiye niliyesimama kona kuangalia polisi. Waliniambia watamtisha tu. Nilimsikia akiita, dada. Nikabaki kona."

Sabina akampiga kofi, kisha akamkumbatia, akalia. Mume wake ndiye angemuua mdogo wake, kwa mikono ambayo yeye huikanda kila asubuhi. Akamfungia Thady kwenye stoo ya chini, akavaa shali, akakimbilia kwa Bibi Una.

Bibi Una alikuwa mwombolezaji wetu. Ndiye aliyelilia maiti zote za mtaa, na wafu aliwajua kuliko walio hai. Alimsikiliza Sabina huku anavuta kiko chake.

"Mumeo alimkatia marehemu Misa ya tatu kwa ajili ya damu," akasema. "Sasa marehemu kavaa damu. Hiyo ndiyo nguo aliyopewa."

"Tufanyeje, bibi?"

"Misa ya tatu bado anaidai. Koti lifike altareni mgongoni mwa mtu, bila kugeuka njiani. Mumeo haliwezi tena. Alivae mwenye hatia kwa marehemu. Yupo aliye hai?"

Sabina akakaza shali lake. "Yupo."

"Basi amfikishe. Akigeuka njiani kumgusa mtu yeyote, hata kwa kidole, utawapoteza wote wawili, mumeo na huyo."

Jumapili asubuhi Festus alikuwa amelala usingizi wa maiti, kama kawaida yake baada ya kazi ile. Theluji ilikuwa imeanguka. Thady akalivaa koti huku meno yanagongana, na Sabina akamfunga vifungo na ile skafu nyeusi usoni.

"Linanibana, dada. Linapumua."

"Tembea tu. Nimekushika mkono. Usitazame mtu."

Wakatoka. Kanisa lilikuwa mwisho wa barabara, mnara wake unaonekana. Wangefika, nawaambia, wangefika kabisa, kama si sisi.

Maana hakuna aliyewahi kumwona Bwana Taa mchana kweupe. Mwanamke mmoja akaliona koti, akapiga ishara ya msalaba, akaita wenzake. Madirisha yakafunguka. Watu wakashuka ngazi na nguo zao za Misa, wanaume wakavua kofia, akina mama wakainua watoto wao waguswe. "Mungu akubariki, Bwana Taa." "Endelea hivyo hivyo, baba." Thady alikuwa analia ndani ya ukosi uliopanda wenyewe hadi puani. Umati ukawa mkubwa, ukaziba njia, na hapo kwenye ngazi za kanisa kabisa wakamleta Grogan, muuza maziwa, wanamburura kwa nywele.

"Huyu hapa," Mama Halloran akasema. "Anachanganya maziwa na chokaa. Mjukuu wangu yuko kaburini. Mpige."

"Mpisheni," Sabina akawasihi. "Anakwenda Misa. Jamani, mpisheni."

"Ampige kwanza."

Mkono wa kulia wa koti ukainuka, na Thady akaushika kwa mkono wake wa kushoto, akaung'ang'ania, akauma kitambaa kwa meno, akapiga magoti, akaanza kupanda ngazi kwa magoti hayo huku mkono ule unamtikisa mwili mzima kama mbwa anavyotikisa panya, na kiwiko kikalia kwa kuvunjika, naye hakuuachia, na padri aliyekuwa mlangoni akamnyooshea mikono, na zilikuwa zimebaki ngazi chache tu, na Grogan hakuguswa hata unywele. Katika vurugu ile skafu ikadondoka.

"Huyo si ni Thady," mtu akasema. "Wa kucheza karata."

"Alikuwa anakula na vijana wa ghalani huyo."

"Kamuua Bwana Taa, kavaa koti lake."

Sabina alipiga kelele kwamba sivyo, kwamba anamrudisha marehemu kwao, lakini nani angemsikia? Buti la kwanza lilimkuta Thady kwenye sikio. Baadaye hapakuwa na la kuhesabu. Walimkanyaga watu niliowafahamu, watu wa rozari, mtu na mkewe, na theluji ya ngazi ikawa nyekundu na kulainika. Mdogo wake Sabina alikufa mkono wake bado umeushika ule mwingine. Hakuwa amegeuka. Hakuwa amegusa mtu.

Kisha wakalirarua koti. Kwa mapenzi, si kwa hasira. Kila mtu alitaka kipande cha Bwana Taa cha kuweka nyumbani: huyu kifungo, yule kipande cha mfuko, mwingine nyuzi tu. Mama Halloran alijibandika chake kifuani kwa pini, juu ya msalaba. Grogan akaona nafasi, akaanza kutambaa aondoke, na Mama Halloran, bibi wa miaka sabini, mwenye baridi yabisi, asiyeweza kufungua kopo, akamwinua kwa shingo kwa mkono mmoja hadi miguu ikaacha theluji. Shingo ikakatika kwa mlio wa kuni mbichi. Mama Halloran hakumtazama hata usoni. Barabara nzima ilinuka gesi.

Hapo ndipo Festus alipotokea mbio, peku, shati tupu, akimwita mkewe. Macho yake yalikuwa yake. Sabina aliyajua macho yale, hakuwa ameyaona tangu Jumapili ile. Alikuwa huru. Thady alikuwa amelipa, na mumewe alikuwa huru.

"Twende nyumbani," Sabina akamwambia. Alikuwa amemlaza mdogo wake mapajani. "Nisaidie kumbeba, Festus. Twende."

Festus aliinama. Miguuni pake palikuwa na ukosi wa koti, umeungua ukingoni, kipande pekee ambacho hakikuwa kimechukuliwa. Akauokota. Watu wakamtazama wote, kimya, kwa heshima, wakimngoja. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama Festus Gaughan namna ile.

"Uache," Sabina akasema. "Marehemu hakulazimishi sasa. Nakuomba, mume wangu, uache."

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, na alikuwa bado ni yeye, Sabina aliapa hivyo hadi dakika ya mwisho, alikuwa ni yeye mwenyewe kwa akili zake zote alipouweka ule ukosi shingoni na kuufunga.

Kisha umati ukampisha njia, akamwendea Sabina pale ngazini, na wengine wote wakageuka pamoja naye.

"Ulimficha," Festus akasema, na mtaa mzima ukasema naye kwa sauti moja.