Mwasho wa Chumba Namba Tisa

Chumba namba tisa kilikuwa na vitanda vitatu, dirisha moja na kamba ya nguo iliyopita katikati. Kila asubuhi wasichana watatu waligombania ndoo, kisha wakagombania kioo. Wote walisomea ushonaji chuoni. Mmoja aliitwa Mrefu, maana miguu yake ilichungulia nje ya kitanda. Wa pili aliitwa Cheko, kwa kuwa hakuna jambo ambalo hakulichekea. Wa tatu alikuwa kitindamimba wa mama yake, basi wenzake wakamwita Kitinda.

Kitinda hakuwahi kuishi mbali na nyumbani. Lakini alizoea haraka. Wenzake walimpokea kama ndugu. Waliazimana sweta, taulo na shuka. Siku za baridi walibanana kitanda kimoja wakapiga soga.

Kisha Kitinda akaanza kuwashwa.

Mwasho ulianza katikati ya vidole. Ukapanda mikononi, ukashuka kiunoni. Akijifunika shuka, ndiyo kwanza unachachamaa. Alibadilisha sabuni. Wapi! Akaacha kula mayai. Wapi! Akaoga mara tatu kwa siku mpaka ngozi ikapauka. Vipele vikazidi.

Akampigia mama yake simu.

"Umekula nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Wanachokula wote, mama."

"Basi ni maji ya huko. Hayajakuzoea."

"Mama, maji ndiyo yanizoee mimi?"

Mama akamwambia aende zahanati ya chuo.

Nesi wa chuo alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimtazama Kitinda vidole kimoja kimoja.

"Huu ni upele," alisema. "Kuna vidudu vidogo mno. Vinachimba ngozi na kutaga mayai humo."

Kitinda akainama kwa aibu. "Lakini mimi naoga, mama nesi. Naoga sana!"

"Najua. Upele hauchagui msafi wala mchafu. Unapita kwa ngozi kugusana na ngozi. Wakati mwingine kwa nguo na matandiko. Wenzako chumbani wanajikuna?"

"Hapana," Kitinda akajibu upesi. Kusema kweli, hakuwahi kuwauliza.

"Hata kama hawajikuni, waje."

Kitinda akaitikia, akachukua dawa, akaondoka. Njiani akasita. Angewaambiaje? Si wangemkimbia? Basi akajipaka kwa siri bafuni, akanyamaza.

Akapona. Lakini baada ya wiki chache mwasho ukarudi, tena kwa nguvu. Kitinda akachanganyikiwa. Dawa ilikuwa mbovu? Alikosea kupaka? Au ametupiwa jicho baya? Kila akishika wazo moja, jingine linamponyoka. Mwishowe akaona heri arudi nyumbani, masomo yatajijua yenyewe. Akavuta sanduku, akaanza kupanga nguo.

Mrefu na Cheko wakamkuta hapo.

"Unakwenda wapi katikati ya muhula?" Mrefu akauliza.

"Nyumbani. Naumwa. Nina upele. Msinisogelee!"

Kitinda akangoja Cheko acheke. Cheko hakucheka. Alipandisha mkono wa sweta yake polepole. Vipele vilikuwa vimejaa hadi kwenye kiwiko.

"Mimi nina mwezi nawashwa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Wote wawili wakamgeukia Mrefu.

"Msinitazame hivyo," Mrefu akasema. "Mimi siwashwi. Bado."

Wakaenda kwa nesi wote watatu. Safari hii Kitinda alisema ukweli.

"Sasa nimeelewa," nesi akasema. "Dawa ilifanya kazi, mwanangu. Ila ulipona, ukarudi kulala palepale, na wenzako hawajatibiwa. Mtatibiwa wote siku moja."

"Hata mimi?" Mrefu akauliza.

"Hata wewe. Vidudu vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla hujawashwa. Pakeni kuanzia shingoni hadi unyayoni. Msisahau katikati ya vidole na chini ya kucha. Mtaoga kesho asubuhi. Rudieni baada ya wiki moja. Nguo na mashuka, fueni kwa maji ya moto, muanike juani. Kisichofulika, kifungeni kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki nzima. Na msishtuke. Mwasho unaweza kuendelea hata wiki mbili, ingawa vidudu vimekufa."

Siku hiyo kamba ya chumbani haikutosha. Mashuka yalijaa uani. Walipakana dawa migongoni, Cheko akicheka kila alipoguswa mbavu.

Baada ya siku nne Cheko akaja mbio. "Bado nawashwa! Tumekwisha!"

"Tulia," Kitinda akamwambia. "Nesi alisema hivyo. Turudie dawa siku yake ikifika."

Wakarudia. Mwasho ukapungua siku baada ya siku, kisha ukaisha. Mwezi ukapita, haukurudi. Sasa kila mmoja alikuwa na taulo lake. Soga ziliendelea, ila kila mtu kitandani kwake.

Jumamosi moja mlango ukagongwa. Alikuwa msichana wa chumba namba kumi. Mikono ameificha ndani ya sweta, macho yanatazama sakafu.

"Samahani," alinong'ona. "Nasikia nyinyi mlikuwa na… na kitu fulani."

Kitinda akafungua mlango wote.

"Tulikuwa na upele," alisema kwa sauti ya kawaida. "Ingia, ndugu yangu. Kwenu mnalala wangapi?"