Waya Usio na Fyuzi

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia uwanja wa kuanikia kahawa, nikamwamkia baba, kisha nikampita kaka yangu Lameck bila kumwangalia. Nilikuwa na sababu. Lameck alikuwa na miaka ishirini, domo refu na kichwa kitupu. Hakuna jambo ambalo hakulijua, na hakuna alilowahi kulimaliza.

Wiki ile dada yetu Vero alikuwa anaolewa. Noah ya baba, gari lake la kubebea abiria kati ya Kimuli na Kayanga, ndiyo ingempeleka kanisani. Basi Lameck akaja na sabufa mbili kuukuu na amplifaya, akatangaza kwamba atazifunga garini mwenyewe.

"Bibi harusi hawezi kwenda kimyakimya kama mgonjwa," alisema.

Kwanza baba alitutuma sote wawili kwa fundi Deodatha, anayetengeneza umeme wa magari pale senta ya Kimuli.

"Shikamoo, fundi," nilimwamkia.

"Marahaba. Haya, sikilizeni. Waya mnene unatoka kwenye betri kwenda kwenye amplifaya. Karibu kabisa na betri, wekeni fyuzi. Pale waya unapopenya kwenye bati, uvisheni mpira ili bati lisiukate. Na fyuzi ikiungua, tafuteni kwanza kilichoiunguza."

Mimi nilisikiliza. Mjuaji wetu alikuwa anajitazama nywele kwenye kioo cha gari la mteja. Nilimdharau mpaka basi.

Ijumaa mchana akaifunga mitambo yake. Fyuzi aliweka, mpira hakuweka. Muziki ulipiga kidogo, ukazima. Fyuzi ilikuwa imeungua.

"Fyuzi feki hii!" akasema, akaitupa migombani. Akazisokota pamoja zile ncha mbili za waya zilizokuwa zimeishika fyuzi, akazizungushia gome kavu la mgomba na kukaza fundo. Kwetu gome la mgomba hufunga kila kitu: kuku wa kupeleka gulioni, kuni, hata mlango wa banda. Lakini waya wa betri! Loo, hata mbuzi wetu angecheka.

"Kokwijuka, umemwona fundi?" akaniuliza, akijipiga kifua.

"Nimemwona," nikajibu.

Habari ya fyuzi nikaimeza. Nilidhani muziki utakatika tu mbele ya wageni, naye ataumbuka. Nilikuwa na hamu kweli ya kuliona hilo.

Jumamosi Vero akapanda nyuma na gauni lake jeupe, shangazi Costansia akakaa kando yake. Baba akashika usukani. Lameck, miwani ya jua usoni, akafungulia besi mpaka vioo vikatetemeka. Wageni wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama karibu na boneti, nikisubiri muziki ukatike.

Haukukatika. Nilisikia harufu ya gome la mgomba linaloungua, kisha moshi mwembamba ukachomoza kwenye boneti. Nikamtazama Vero. Alikuwa anacheka, gauni limejaza kiti kizima. Nikapiga kelele.

"Baba, shukeni! Vero, toka! Waya hauna fyuzi!"

Baba alizima gari, lakini moshi ulizidi. Shangazi alimvuta Vero kwa nguvu, shela ikanasa mlangoni na kuchanika. Baba akafungua boneti, akang'oa waya kwenye betri, akaufunika moto kwa koti lake jipya mpaka ukazimika.

Fundi Deodatha alikuwa miongoni mwa wageni. Alikagua, akaona bati limeukata waya wa muziki, akautoa wote.

"Gari litakwenda," alisema. "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunalia hapa."

Lameck akavua miwani. Nikajua zamu yake ya kuumbuka imefika. Lakini baba alinigeukia mimi.

"Ulijuaje kwamba hauna fyuzi?"

"Nilimwona jana akiitupa."

"Na hukusema?"

"Nilitaka aumbuke."

Vigelegele vilikuwa vimekwisha zamani. Macho yote yakamwacha Lameck, yakaja kwangu. Vero alikuwa ameishika shela yake iliyochanika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Lameck ni mjinga wa waya," baba alisema. "Kuanzia Jumatatu atakwenda kujifunza kwa fundi. Yeye alikosea kwa sababu hajui. Wewe ulijua, ukamwacha dada yako akae juu ya moto ili upate kumcheka kaka yako. Mdharau mtu ukitaka, mwanangu, lakini ukiona hatari, sema. Ukinyamaza, kosa lake linakuwa lako."

Nikaomba sindano na uzi. Vero akainamisha kichwa, nami nikaishona shela palepale. Tulikwenda kanisani bila muziki. Mshono wangu, uliopinda vibaya, unaonekana kwenye kila picha ya harusi ile.