Kofi Lililotangulia

Kitu cha kwanza alichokiona Bi Ionie kilikuwa kidogo mno. Kofi lilisikika kabla mikono yake haijakutana.

Mchana wa siku hiyo ulikuwa mtulivu. Kundi lao la maigizo lilikuwa limefika mji wa Santa Cruz, na ukumbi wa kanisa ulikuwa umeshafagiliwa. Nyuma ya jukwaa Bi Ionie alishona kifungo cha gauni. Mkwewe Kerine alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu yake, na wote wawili walikula samaki wa kukaanga na mkate wa muhogo kwenye karatasi moja.

"Mama, leo usichelewe," Kerine alisema huku akicheka. "Juzi nilianguka kabla hujapiga. Watu wakadhani nimeteleza."

"Wewe ndiye unayeanguka haraka. Ukiona sakafu tu unataka kulala."

"Haya! Mimi napigwa, mikono yako ndiyo inalia. Kazi gani hii!"

Na kweli kazi yao ilikuwa hivyo. Mchezo wao uliitwa *Mlango wa Nyuma*, na aliyeuandika alikuwa Lascelles, mwana wa pekee wa Bi Ionie na mume wa Kerine. Jukwaani Lascelles alikuwa mume katili, Kerine alikuwa mke anayepigwa. Mkono wa Lascelles ulipita mbele ya shavu bila kuligusa, Kerine akageuza kichwa kwa nguvu, na wakati huohuo Bi Ionie, amejificha nyuma ya pazia, akakutanisha viganja vyake mara moja. Waliokaa ukumbini walisikia shavu.

Kila mtu alijua mchezo ule ulitoka wapi. Marehemu Verley, baba yake Lascelles, alimpiga Bi Ionie miaka yote ya ndoa yao. Kwa hiyo kila onyesho lilipokwisha, Lascelles alimwita mama yake asimame mbele ya watu. "Huyu ndiye aliyenifundisha," alisema. "Mwanamume anayempiga mkewe anaivunja nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe." Akina mama walilia, wachungaji walimshika mkono, na Bi Ionie alitabasamu akiangalia chini.

Sasa rudini nami kwenye lile kofi. Usiku ule wa Santa Cruz, Kerine alisahau mstari mmoja akarukia wa pili. Lascelles alisita kidogo. Halafu mkono wake ukaenda, na sauti ikapasuka, huku viganja vya Bi Ionie vikiwa bado vimeachana. Kisha mtu mmoja wa viti vya nyuma akapiga kelele, "Mrudishie, dada!" na watu wote wakalipuka, hawa wanacheka, hawa wanapiga makofi. Tangu mchezo uanze hawakuwahi kushangiliwa namna ile.

Bi Ionie alivitazama viganja vyake. Kerine, aliyekuwa amelala chini jukwaani, alikuwa anaangalia moja kwa moja kwenye mwanya wa pazia.

Baadaye Lascelles hakuweza kukaa kitini kwa furaha. "Mmeusikia ukumbi? Mmeusikia?"

"Kofi la leo, bosi, hata pombe yangu ya uongo imenitoka kichwani," alisema Cebert, mchekeshaji wa kundi, ambaye kila siku aliigiza jirani mlevi.

Kerine alikuwa pembeni amejibandika kitambaa chenye maji shavuni. Bi Ionie alimsogelea akanong'ona, "Umeruka maneno, mwanangu. Unamjua alivyo akiwa jukwaani. Usimuudhi."

Kerine alikigeuza kile kitambaa. "Sawa, mama."

Ndugu zangu, lishikeni hilo neno, *usimuudhi*. Bi Ionie aliambiwa neno hilo na mama mkwe wake wakati wa ujana wake. Na Lascelles alipokuwa mtoto, akauliza kwa nini baba amempiga mama, jibu alilopewa lilikuwa moja siku zote: "Nilimuudhi." Kijana alikua akaandika mchezo mzima wa kulikataa jibu hilo. Lakini nyumbani kwao hakuna siku aliyomsikia mama yake akilifuta.

Kuanzia hapo kofi likawa la kweli mjini Black River, likawa la kweli mjini May Pen. Bi Ionie naye akajifunza kitu ambacho hakufundishwa na mtu. Alijifunza kulitegea kofi la mwanawe na kulifunika kwa lake, sauti mbili zikawa moja, hata Cebert asitambue.

Halafu Kerine akaanza kutosikia. Ukimsemesha kutoka kushoto, kimya. Jukwaani Cebert alimsalimia akiingia na kapu lake la chupa, lakini Kerine aliendelea kufua tu.

"Bibie, siku hizi umekuwa malkia?" Cebert alimtania wakiwa nje. "Tukusalimie kwa barua?"

Wenzake walicheka. Lascelles hakucheka. "Ana kiburi," alisema. "Ameshaona watu wanamlilia, sasa anajiona yeye ndiye mchezo." Na kila Kerine alipokosa kuitikia, usiku uleule alilipwa jukwaani mbele ya watu wote, nao wakashangilia.

Bi Ionie aliona jinsi mkwewe anavyogeuza shingo nzima kama kuku anayetafuta punje, ili sikio la kulia limtangulie. Asubuhi moja Kerine alimshika mkono jikoni.

"Mama, mwambie. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia. Hili sikio linavuma usiku kucha."

"Nitamwambia."

"Lini, mama?"

"Ngoja sikukuu ya akina mama ipite. Tiketi za Mandeville zimeshauzwa zote. Tukimvuruga sasa, kundi lote litavunjika. Ikipita nitakaa naye."

"Na mimi nikivunjika?"

"Usiseme hivyo. Mvumilie kidogo."

Jumapili ya akina mama ikafika. Ukumbi wa Mandeville ulijaa kofia za kanisani na manukato. Wengi walikuja wameshikwa mkono na watoto wao. Bi Ionie alibandikwa ua jeupe kifuani. Lilikuwa onyesho la mchana, na jua liliingia kwenye nyufa za madirisha.

Mwisho wa mchezo ulikuwa hivi: mume amelala kwenye kiti, jirani anagonga mlango wa nyuma, mke anachukua mkoba wake na kutoka. Cebert aligonga. Mlango ulikuwa kushoto. Kerine hakusogea. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Kerine alisimama tu, mkoba uko miguuni, uso wake umewaelekea watu, anasubiri ishara ambayo ilikuwa imeshampita.

Lascelles aliinuka kitini. Hilo halikuandikwa popote.

"Wewe ni kiziwi?" aliuliza, na ukumbi mzima ukacheka.

Alimpiga kwenye sikio lilelile. Kerine alianguka, na kichwa kikagonga pembe ya kabati, kabati la mbao ngumu ambalo Bi Ionie mwenyewe alilitoa chumbani kwake ili jukwaa lifanane na nyumba. Mikono ya Bi Ionie ilikuwa inaning'inia.

"Nyanyuka, dada! Mlango ule pale!" watu walipiga kelele. Makofi yalianza. Kerine hakunyanyuka.

Bi Ionie alitoka nyuma ya pazia. Taa zilimpiga machoni. "Msipige makofi!" alisema kwa sauti ambayo haikuzoea kupazwa. "Ameumia! Anampiga kweli!"

Watu walimtambua. Si ndiye yule mama mwenyewe, mama wa hadithi? Walisimama ukumbi mzima. "Waambie, mama! Waambie hao!"

"Jamani, nisikilizeni, si mchezo!"

"Waambie!"

Makofi yaliporomoka kama mvua kwenye paa la bati. Mwanamke wa mstari wa mbele, machozi yakimtiririka, alilitoa ua lake akamrushia. Cebert aliingia kwa mlango, akaona damu inatoka sikioni kwa Kerine, akaomba daktari. Nao wakacheka, kwa sababu yeye alikuwa mlevi wa mchezo. Walicheka mpaka alipoivua ile kofia ya kuchekesha, akapiga magoti na kuanza kulia.

Kerine hakufa. Sikio la kushoto ndilo lililokufa, na hadi leo akitembea huyumba akatafuta ukuta. Jukwaani hatarudi.

Polisi waliuliza. Lascelles alisema mkono uliteleza kazini. Waliokuwa ukumbini waliulizwa, nao wakasema kwa moyo mweupe kwamba waliona mchezo, tena mzuri sana. Mwisho akaulizwa Bi Ionie. Usiku uliotangulia mwanawe alikuwa amelia kwenye mapaja yake, akamwambia, "Mama, aliniudhi mbele ya watu." Basi Bi Ionie alijibu kwamba hakuona vizuri, alikuwa nyuma ya pazia, na yale aliyoyasema jukwaani aliyasema kwa hofu.

Kabla Krismasi haijafika, Lascelles alikuwa ameshapata msichana mwingine na wakaanza kuzunguka tena. Ameongeza kitu mwishoni. Mwanamke mzee hutoka nyuma ya pazia akiwaambia watu wasipige makofi. Mahali hapo ndipo wanapopiga zaidi.

FUNZO

Wazazi wenzangu, na ninyi mnaopenda maigizo kama mimi, mchezo mzuri hauponyi nyumba mbaya. Unaweza kulia ukumbini kwa ajili ya mwanamke aliyetungwa, ukarudi nyumbani ukampita aliye hai. Anayempiga mwenzake hujifunza kwa mpigaji, lakini hujifunza pia kwa anayesema *usimuudhi*, kwa anayesema *ngoja sikukuu ipite*, na kwa anayekutanisha mikono yake ili sauti isijulikane imetoka wapi. Ukiona, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, hata ukweli wako watu wataushangilia na kwenda zao.

Bi Ionie alikwenda Westmoreland kwa mama yake Kerine. Alimkuta Kerine barazani anamenya mbaazi. Hakukaribishwa, wala hakufukuzwa. Alikaa kwenye benchi karibu naye, akainamisha kichwa, akasema alichokuja kusema, polepole, mpaka mwisho.

Kerine aliendelea kumenya. Baada ya muda aliona kwa pembe ya jicho midomo ikicheza, akageuza shingo.

"Umesema kitu? Huko sisikii. Kama unataka nisikie, njoo upande huu."

Bi Ionie aliinuka, akazunguka benchi, akakaa upande wa kulia. Akasema tena.

"Niliona. Tangu Santa Cruz niliona. Mikono yangu ilikuwa haijakutana."